Kunguni Hakuja kwa Miguu

Ndugu msomaji, tuanze kwa kuungama. Miezi michache iliyopita ukumbi wetu wa kanisa huku Mwanda ulipokea wageni wa semina kwa siku tatu. Walilala humo humo, kwa magodoro yaliyoazimwa nyumba mbalimbali, mengine yakiwa yamepanda kutoka Voi juu ya matatu. Wageni walipoondoka walituachia shukrani nyingi, na kunguni. Akina mama wa kikundi walipokuja kukaa kwenye mabenchi yale kwa mkutano wao, hakuna aliyefika mwisho wa ajenda bila kujikuna.

Tukachanga pesa. Mmoja wetu akateremka Voi, na pale steji akauziwa unga mweupe ndani ya karatasi ya nailoni, hauna jina, hauna maandishi. Muuzaji alisema unaua kila kitu. Kwa hilo hakusema uongo sana, maana paka wa mlinzi alikufa siku ya tatu. Lakini kunguni walirudi kabla ya mwezi kwisha.

Tumeandika haya kwa sababu tumegundua si sisi peke yetu. Voi inakua. Mji ule ulizaliwa na reli na mkonge, ukakaa kando ya barabara kuu ya Mombasa na Nairobi, na tangu reli mpya ilipofunguliwa mwaka 2017 ploti zinaongezeka kila upande. Vijana wetu wengi wanapanga chumba kimoja kimoja huko Sofia, Mwakingali au Kaloleni, ukuta mmoja na jirani, choo kimoja kwa milango minane. Mwisho wa mwezi wanapanda kuja nyumbani na mizigo, wakishuka wanabeba mahindi na maharagwe. Kunguni hana mabawa, na kwa miguu yake hawezi kutoka Voi mpaka Mwanda. Tunambeba sisi wenyewe, kwenye godoro, kwenye mshono wa begi, kwenye kitanda cha mtumba kilichouzwa bei nzuri mno.

Hebu tumtazame vizuri huyu mdudu, maana ukimjua utaelewa kwa nini unga wetu ulishindwa. Mchana hakai juu ya shuka. Anajibana kwenye maungio ya kitanda, kwenye tundu za misumari, nyuma ya picha, ndani ya nyufa za ukuta wa udongo. Usiku anatoka, ananyonya damu dakika chache, anarudi. Bila damu anaweza kungoja miezi kadhaa, na penye baridi kama huku kwetu anangoja zaidi. Jike anataga mayai machache kila siku na kuyagandisha ndani ya ufa. Sasa wewe umepuliza dawa leo, wakubwa wakafa, ukafurahi. Mayai hayakufa. Baada ya wiki moja au mbili yanaanguliwa na unaanza upya. Tena kunguni wa siku hizi, karibu kila nchi, wamezoea dawa nyingi za kupuliza zilizokuwa zikiwaua zamani.

Jambo asilolizoea ni joto. Maji yanayochemka, yakimwagwa polepole kwenye kila ungio la mbao, yanaua mkubwa na yai pamoja. Nguo na shuka zichemshwe, au zipigwe pasi ya moto kwenye mishono. Wale wa Voi wana bahati ya jua: nguo kavu ndani ya mfuko mweusi wa plastiki, usiojazwa sana, uliofungwa na kulazwa juani saa za mchana, zinapata joto la kutosha. Godoro nene ni habari nyingine. Kulianika kunasaidia kuwaona na kuwapiga brashi, lakini katikati halipati moto, kwa hiyo usijidanganye. Nyufa za ukuta zizibwe kwa udongo au saruji. Na kazi hiyo irudiwe kila baada ya siku kumi, mara tatu au nne, hata kama humwoni tena. Wapangaji wa ploti moja wafanye siku moja, la sivyo wanahama tu mlango wa pili na kurudi.

Wengine watasema, hayo maji moto ni ya nini na dawa zipo? Tunawasimulia lililotokea kwa familia moja tunayoijua, iliyopanga Voi. Baba alichukua dawa ya kuogeshea ng'ombe, akachanganya kwa kukisia, akapaka kitanda na kunyunyizia godoro. Iliyobaki akaiweka ndani ya chupa ya soda, chini ya meza. Mtoto wa miaka mitatu alimeza kidogo. Walipomkuta anatoka mate mengi, anatapika, anatokwa jasho, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano. Jirani alishauri apewe maziwa, mwingine akasema atiwe kidole koo atapike. Mama yake, tunamshukuru Mungu, hakungoja mashauri. Alimkimbiza hospitali na ile chupa mkononi, na baba akaenda kwa simu kuwaeleza madaktari ni dawa gani. Mtoto akapona. Madaktari walihitaji kujua jina la sumu, na hapo ndipo ule unga wetu wa karatasi unatutia baridi mpaka leo: kama ni mtoto wa mlinzi aliyeulamba badala ya paka, tungemwambia daktari nini?

Basi, jambo la kushika ni hili. Aliyemeza sumu au mafuta ya taa asitapishwe kwa nguvu, maana yakirudi yanaingia mapafuni. Usipoteze muda kwa maziwa. Mvue nguo zilizolowa, osha ngozi kwa maji na sabuni, kimbia hospitali na kopo au chupa yenyewe. Na dawa isihamishwe kutoka kopo lake hata siku moja.

Sheria ya Kenya, Sura ya 346, inataka kila dawa ya kuua wadudu inayouzwa iwe imesajiliwa na bodi inayozisimamia, yaani PCPB. Kwenye lebo utaona herufi hizo na namba ya usajili, tena imeandikwa dawa ni ya mdudu gani na ipimwe vipi. Haina lebo? Hapo hujui unachonunua, na anayekuuzia huenda hajui pia. Ya ng'ombe ibaki kwa ng'ombe na ya nyanya ibaki shambani. Kuna zile kali za zamani kama dieldrin, ambazo wazee walizoea kwa mchwa. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 umezipiga marufuku, maana zinakaa ardhini miaka na kuingia mpaka kwenye maziwa ya mama. Ukipata kopo la namna hiyo kwenye stoo ya babu, usilifungue wala usilizike. Mwulize afisa wa kilimo.

Sasa panya. Huyu anapendwa kuuawa kwa sumu kuliko wote, na ndiye sumu inamfaa kidogo kuliko wote, ukiacha chakula na mlango wazi. Mimba yake ni kama wiki tatu, anazaa sita, saba, nane, na watoto hao katika miezi michache wanazaa pia. Ukiua kumi na unga umebaki wazi jikoni, nafasi zao zinajazwa na wa jirani. Panya mdogo wa nyumbani anapita kwenye tundu lenye upana wa kalamu ya risasi. Kwa hiyo ziba chini ya mlango kwa kipande cha bati, ziba tundu za mabomba kwa waya wa kusugulia sufuria kisha saruji juu yake. Unga na nafaka ziwe ndani ya debe lenye kifuniko. Ghala la nje liwe na kola za bati kwenye nguzo, kiasi cha mita moja kutoka chini, na tawi la mti lisikaribie paa. Mtego wa chuma wenye kipande cha omena au nazi, ukiwekwa ubavuni mwa ukuta anapopita, unafanya kazi vizuri na hauui kuku. Na bundi mwacheni jamani. Tunajua yanayosemwa juu yake hapa kwetu, lakini chakula chake kikubwa ni panya.

Tena kuna sababu ya kutokurupuka. Panya ana viroboto wake, na panya akifa viroboto wanamhama kutafuta damu nyingine. Katika milima ya Usambara, huko Lushoto upande wa Tanzania, watu wanaoishi kama sisi kwenye mabonde ya baridi na mashamba ya mahindi, tauni ilizuka mwaka 1980 na ikarudi mara kwa mara kwa zaidi ya miaka 20. Ukiona panya wanakufa ovyo bila kuwekewa kitu, usiwashike kwa mikono na usikae kimya. Peleka habari zahanati.

Tumefika kwa mgeni mwingine, na huyu historia yake inatuhusu watu wa kaunti hii hasa. Dumuzi ni kidudu kidogo cheusi kama punje ya mtama, kinachogeuza mahindi kuwa vumbi. Asili yake ni Amerika ya Kati. Karibu na mwaka 1980 alikuwa amekwisha ingia Tabora, na huko Tanzania watu walimpa jina la Scania, kama yale malori makubwa. Mwaka 1983 akaonekana Kenya kwa mara ya kwanza, na pahali penyewe ni Taveta. Mlango ulikuwa kwetu. Mwaka 1992 wataalamu waliachilia hapa Kenya kidudu kingine kutoka kwao huko huko, kinachomla dumuzi. Kimesaidia kiasi porini, maana dumuzi anaishi hata kwenye miti mikavu, lakini ndani ya ghala hakikummaliza.

Mama zetu waliweka mahindi darini juu ya moto. Moshi na joto viliyakausha, na wadudu hawakupenda. Ila chumba cha Voi hakina dari wala moto wa kuni, na gunia linalopelekwa kule linakaa kando ya kitanda. Mwezi wa pili unasikia kwaru-kwaru usiku. Ushauri wetu: pukuchua mahindi kwanza, kwa kuwa dumuzi hustawi zaidi yakiwa bado kwenye gunzi. Yakaushe kabisa. Kupima, chukua chupa kavu ya glasi, tia mahindi na chumvi kavu kijiko kimoja, tikisa, ngoja kidogo. Chumvi ikishika kwenye kuta za chupa, mahindi bado mabichi. Yakiwa makavu, yatie kwenye mifuko ile ya tabaka tatu, miwili ya plastiki ndani na gunia nje, toa hewa, funga kila mmoja peke yake kwa nguvu. Wadudu waliomo wanamaliza hewa na kufa bila dawa. Dumuzi wakiwa wengi wanaweza kutoboa plastiki, kwa hiyo pepeta vizuri kabla ya kufunga. Usifunge mahindi mabichi humo. Yataota ukungu wenye sumu, na wote tunakumbuka mwaka 2004 Makueni na Kitui, ambapo watu 125 walikufa katika mkasa ule wa mahindi yenye ukungu.

Mende tutamtaja kwa ufupi. Yule mkubwa mwekundu anatoka chooni na kwenye mitaro. Yule mdogo wa rangi ya maji ya chai anakaa jikoni, na huyu wa pili ndiye wa kuogopa kuzaana, jike hubeba kifuko chenye mayai 30 au 40. Anavumilia njaa kuliko kiu. Kausha sinki usiku, tengeneza bomba linalovuja, usilaze sufuria chafu, na masanduku ya katoni kutoka dukani yasikae jikoni.

Kuhusu maji, wasomaji wetu wa Voi wana kilio ambacho tunakijua. Bomba la Mzima linapita kwenda Mombasa na mifereji yao inakauka, kwa hiyo kila nyumba ina pipa. Ndani ya pipa lisilofunikwa anazaliwa mbu mwenye madoa meupe miguuni, anayeuma mchana, ndiye anayeleta dengi na chikungunya, magonjwa yaliyowahi kuenea Mombasa. Chandarua cha usiku hakimzuii. Funika pipa kwa kitambaa kilichofungwa kamba, na kila wiki lisugue kuta zake kwa brashi, kwa sababu mayai yamegandishwa juu ya usawa wa maji na yanaweza kukaa makavu miezi. Kumwaga maji tu hakutoshi, na kwa bei ya mtungi Voi, ni nani wa kumwaga?

Turudi ukumbini. Tulitoa mabenchi yote nje, tukachemsha maji kwenye masufuria ya harusi, tukamwagia kila ungio, vijana wakaziba nyufa za ukuta kwa saruji iliyobaki kwenye ujenzi wa choo. Tulirudia mara nne. Baada ya mara ya pili bado tulipata watano, baada ya ya tatu wawili, na sasa ni wiki ya saba hatujaona. Gharama ilikuwa kuni na jasho. Magodoro ya wageni wa semina ijayo yatakaguliwa mlangoni, mshono kwa mshono, na tunaomba asiyependa kukaguliwa aje na mkeka. Mlinzi amepewa paka mwingine na mmoja wa akina mama.