Je, Wajua? Kifaru Kilichogeuzwa Trekta

Kabla vijana hawajaanza kufunga flaiwili nyepesi na klachi ngumu kwenye magari yao, Waingereza walikwisha kubadilisha kifaru kizima. Mradi wao wa kulima karanga ulioanza 1947 huko Kongwa, Urambo na Nachingwea, jirani na Ruangwa, ulilenga ekari zaidi ya milioni 3. Matrekta yalikuwa adimu baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, hivyo kampuni ya Vickers-Armstrongs ilivivua vifaru vya Sherman mnara wa mzinga na deraya, vikawa matrekta, vikaitwa Shervick. Ubunifu huo nauheshimu. Kosa lilikuwa la waliopanga mradi, waliopuuza udongo na mvua. Mradi uliachwa 1951. Reli ya Nachingwea, iliyojengwa kwa ajili ya mradi huo, nayo iling'olewa miaka ya 1960.