Kigezo cha Bawaba

Mlango mpya unapokwama, lawama huiendea mbao, hasa Voi ambako jua hukausha ubao na mvua ikaurudishia maji. Lakini kosa mara nyingi liko kwenye bawaba. Ukichimba kina kidogo, bawa la chuma hutokeza; ukizidisha, mlango hubana fremu kabla haujafunga. Bawaba ya inchi 4 huwa na unene wa karibu milimita 3, na mlango wenye bawaba 3 unataka machimbo 6 yanayolingana. Ndiyo maana nashikilia kwamba usahihi usiachiwe mkono peke yake, utiwe ndani ya kigezo, ambacho mafundi wengi hukiita jigi.

Kigezo chenyewe ni kipande cha plaiwudi ya milimita 12 kilichokatwa dirisha, na chini yake ubao mdogo wa kukiegemeza kwenye uso wa mlango. Mashine ya ruta hupita juu yake huku pete iliyozunguka biti ikigusa kingo za dirisha. Pete ya milimita 16 na biti ya milimita 12 huacha tofauti ya milimita 2 kila upande. Basi urefu wa dirisha uzidi bawaba kwa milimita 4, na upana kwa 2, kwa kuwa upande mmoja uko wazi. Kina hujaribiwa kwanza kwenye kipande cha kutupa. Pembe za mviringo zinazobaki humaliziwa kwa patasi.

Huko Sagalla, karibu na Voi, watu wanaijua thamani ya vipimo vya milimita kama hivi. Tangu 2009 baadhi ya mashamba ya huko yamezungushiwa mizinga ya nyuki ili kuwazuia tembo, na katika mzinga wa Langstroth nyuki huziba kwa gundi yao mwanya ulio chini ya takriban milimita 6, na hujenga sega katika mwanya ulio zaidi ya 9. Atakayesema kigezo kinaua ufundi wa patasi aangalie pembe zile: bado zinaingoja patasi. Wapo wanaolalamika kuwa bawaba za madukani hazifanani. Ni kweli, kwa hiyo pima ulizonunua kabla ya kukata plaiwudi. Kipande cha mabaki hakigharimu kitu. Na umeme ukikatika? Kata kigezo cha pili chenye tundu sawasawa na bawaba, ufuate ukingo wake kwa kisu, kisha uchimbe kwa patasi na nyundo.