Kaboni Ilitengenezwa kwa Ajili ya Nani?

Katika kila kilo 100 za mwili wa mtu, takriban kilo 18 ni kaboni. Hiyo kaboni haikuzaliwa hapa duniani. Iliundwa ndani ya nyota zilizozeeka na kufa kabla Jua letu halijawaka, na namna ilivyoundwa imewafanya baadhi ya wanasayansi wajiulize kama ulimwengu ulitukusudia.

Kazi yenyewe ni ngumu. Viini viwili vya heliamu vikiungana hutoa kiini cha berili, nacho huvunjika katika muda mfupi kuliko sehemu moja ya trilioni ya sekunde. Ili kaboni ipatikane, kiini cha tatu cha heliamu lazima kiwahi kabla ya hapo. Kwa hesabu za mwanzoni mwa miaka ya 1950, nyota zingeambulia kaboni kiduchu.

Mwanaastronomia Mwingereza, Fred Hoyle, aliligeuza tatizo hilo. Kaboni ipo tele, alisema. Basi kiini chake lazima kiwe na kiwango maalumu cha nishati, karibu elektrovolti milioni 7.65 juu ya hali yake ya kawaida, kinachorahisisha muungano huo. Mwaka 1953 akawashikilia mwanafizikia William Fowler na wenzake wa chuo cha Caltech, California, wakitafute. Fowler alikuwa na mashaka. Mtu wa nyota awafundishe watu wa maabara habari za kiini cha atomu? Lakini Ward Whaling na kundi lake walipopima, walikikuta karibu kabisa na pale alipotabiri.

Kisa hiki husimuliwa kana kwamba Hoyle alianzia kwenye uhai wetu akaifikia fizikia. Sivyo. Mwaka ule shida yake ilikuwa nyota na elementi zake. Habari ya uhai iliunganishwa miaka mingi baadaye. Hoyle mwenyewe, ambaye hakuwa mtu wa dini, uzeeni alifika mahali pa kusema yaonekana kuna akili kuu iliyozichezea kanuni za maumbile. Makusudi, kwa maneno mengine, yalikuja baada ya kipimo. Hayakutoka ndani yake.

Mwenye hoja makini zaidi, kwa maoni yangu, ni mwanafizikia Brandon Carter. Mwaka 1973, katika mkutano wa Kraków, Poland, wa kuadhimisha miaka 500 ya kuzaliwa kwa Copernicus, alikumbusha kwamba hatuko katikati ya ulimwengu, ila hatuwezi kujikuta popote tu. Mtazamaji hujikuta pale tu panapowezekana kuwa na mtazamaji. Ulimwengu una umri wa miaka bilioni 13.8, na umri huo mkubwa si ajabu: nyota zilihitaji muda wa kuzaliwa, kupika kaboni na kuitapakaza kabla ya mtu wa kuuliza kutokea. Hoja hiyo inaeleza kwa nini tunaona tunachokiona. Haisemi kwamba tulitakiwa.

Na kaboni bado inaendelea kutengenezwa. Baada ya miaka ipatayo bilioni 5, Jua litaanza kuvimba, na hatimaye litaunguza heliamu yake. Dunia wakati huo itakuwa imekwisha kukaangwa, haina kiumbe. Sehemu kubwa ya kaboni hiyo itabaki imefungwa ndani ya mabaki ya Jua, nyota kibete nyeupe inayopoa polepole. Anayeshikilia kwamba kaboni ilitengenezwa kwa ajili yetu atueleze hiyo nayo ni ya nani.