Lagos: bei ya esansi ilipanda, kinyozi akaumia

Mu muji wa Lagos, kule Nigeria, umeme unakatika kila mara. Ndiyo maana kinyozi, mushonaji na fundi wa telefone, wengi wao wako na grupu kidogo mbele ya mulango. Esansi ikikosa, kazi inasimama.

Tarehe 29 Mei 2023, Rais Bola Tinubu aliapishwa. Siku ile ile akatangaza kwamba leta haitachangia tena bei ya esansi. Lita moja ilikuwa chini ya naira 200. Mu siku chache tu ikafika karibu 500, na mwezi wa Julai ikapita 600.

Leta ilikuwa na sababu: ule muchango ulikula franga nyingi sana, na esansi ya bei rahisi ilivushwa kwa magendo mpaka Benin. Ni kweli. Lakini nani alilipa? Kinyozi akipandisha bei, muteja anakimbia, kwani naye transpoti imemupandia. Asipopandisha, grupu inakula faida yote.

Mu 2024, mushahara wa chini ulitoka naira 30.000 ukafika 70.000. Ni vizuri kwa mwenye kuandikwa kazi. Kinyozi hana patroni wa kumuongezea, sawa vile muchimbaji wa kwetu mwenye kujinunulia mafuta ya pompi.

Kama wangetengeneza umeme kwanza, esansi ingepanda na kinyozi angeendelea kunyoa.