Kimea Hakidanganyi: Pombe ya Nyumbani Inavyopima Mtama Wako



Najua wengi wenu mnalima mtama mweupe kama Macia kwa ajili ya viwanda vya bia, lakini debe moja halikosi kubaki nyumbani la kupikia wujimbi. Raha yake mnaijua: pombe inaanza kutoa povu, harufu inatoka mpaka kwa jirani, na jioni watu wamejaa uani. Ila kazi hiyo ina mikosi yake, na mingi inaanzia kwenye kimea.

Mtama kugoma kuota. Loweka usiku kucha, chuja, funika kwa gunia lililoloweshwa siku mbili hadi tatu. Punje nyingi zisipoota, usilaumu maji. Huenda ulivuna kabla haujakomaa, ulihifadhi na unyevu, au wadudu wametoboa kiini. Kagua ghala kabla mnunuzi hajakukagulia.

Mbegu ya dukani. Ile yenye rangi imepakwa dawa. Ni ya kupanda tu, usiifanye kimea hata kama imebaki. Na mtama uliochanganywa dawa ya kuhifadhia usiutumie pia.

Ukungu. Kimea kikiota ukungu, tupa. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha hapa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu kwenye nafaka. Sumu hiyo haiishi kwa kuchemsha wala kwa kuchacha. Anika juu ya turubai, tabaka jembamba, geuza mara kwa mara.

Machipukizi. Mtama mchanga una sumu, ndiyo ile inayoua ng'ombe shambani. Kimea kikikauka kabisa, pukuchua, pepeta mizizi na machipukizi yote yatoke. Usiwape mbuzi.

Haraka. Ukimwaga kimea kwenye uji unaochemka, unaua nguvu yake ya kugeuza wanga kuwa sukari. Subiri upoe. Na pombe ikiwa bado inachacha, usiifungie kwenye chupa au kidumu ukakaza kifuniko. Gesi ikijaa, kitapasuka.

Mtama mwekundu unaweza kuleta ukakasi kwenye pombe, ingawa kwelea kwelea hawaupendi sana. Mweupe unatoa pombe laini, lakini lazima uamie ndege. Chagua ukijua gharama.

Ukitaka kuuza, fuata leseni kwanza. Ukinywa na majirani, kunyweni kwa kiasi, kesho kuna palizi.

Tukutane shambani!