Yakobo angeuliza kituo cha zimamoto kiko wapi

Fungua Waraka wa Yakobo, sura ya 2. Watu wawili wanaingia ibadani, mmoja ana pete ya dhahabu, mwingine nguo chakavu. Wa kwanza anapewa kiti kizuri. Wa pili anaambiwa asimame au akae chini. Tumezoea kuihubiri habari hiyo kana kwamba ni ya mabenchi ya kanisani tu. Jiji nalo lina viti vyake.

Kuanzia mwaka 1972, New York, ikibana matumizi, ilifunga au kuhamisha makumi ya vikosi vya zimamoto. Vingi vilitolewa mitaa ya maskini kama South Bronx, walikoishi Wamarekani weusi na Wapuerto Rico, na ambako moto ulikuwa mwingi kuliko kwingine. Hesabu zilipigwa kwa kompyuta na wataalamu wa taasisi ya RAND. Zilichukulia kwamba foleni ya magari haimcheleweshi mzimamoto, na kwamba kikosi hukaa kituoni kikingoja simu. Cha Bronx mara nyingi kilikuwa tayari kwenye moto mwingine! Penye wakazi wenye sauti serikalini, kituo kilinusurika.

Kati ya 1970 na 1980, maeneo 7 ya sensa ya Bronx yalipoteza zaidi ya asilimia 97 ya majengo, kwa moto na kwa kutelekezwa. Watu wakasema wakazi wanajichomea wenyewe. Kweli, wapo wenye nyumba waliochoma ili walipwe bima. Lakini mpangaji aliyelala juu hakuwa na bima yoyote.

Brooklyn, mwaka 1975, wakazi wa mtaa wa wafanyakazi walipoambiwa kikosi namba 212 kinafungwa, waliingia kituoni wakalizuia gari lisiondoke. Walilala humo kwa zamu zaidi ya mwaka mmoja, hadi jiji likakubali kurudisha huduma. Hao wengi walikuwa wazungu, na sidhani polisi wangewavumilia watu wa Bronx muda wote huo.

Basi, mpendwa, leo baada ya ibada muulize mzee wa kanisa anayeishi kwenye vibanda: gari la zimamoto likiitwa usiku, litapita njia gani? Bomba la maji lililo karibu liko wapi? Halafu kikao cha wananchi kuhusu bajeti kikiitishwa, nendeni naye, na umwachie azungumze kwanza.