Una sakafu ya kijivu? Inama uitazame kabla ya kununua rangi

JE, umewahi kuingia katika nyumba iliyopakwa rangi juzi tu, ukahisi baridi hata kabla hujaketi? Sakafu imepigwa deki ikang'aa, mapazia yamefuliwa, chai imo mezani, lakini kuna kitu kinachokufanya utamani kubaki na koti lako mwilini. Mara nyingi wenye nyumba huilaumu sakafu. Husema kwamba saruji imewaharibia sebule, na kwamba siku watakapopata pesa wataifunika kwa zulia. Ukweli ni kwamba aghalabu sakafu haina kosa lolote. Kosa liko ukutani.

Niliyajua haya kwa dada yangu. Miaka miwili iliyopita, yeye na mumewe walihamia nyumba yao wenyewe huko Kitengela baada ya kuishi katika nyumba za kukodi kwa muda mrefu. Pesa zilikuwa zimewaishia, hivyo sakafu wakaiacha ya saruji. Fundi aliisugua ikawa laini, ya kijivu kama jivu la makaa. Zamu ya dada ya kupokea pesa za chama ilipofika, aliamua zote ziende kwa rangi. Alichagua samawati nyepesi kwa sababu ni rangi aipendayo tangu utotoni, na kwa sababu ilipendeza mno kwenye kadi aliyoonyeshwa dukani. Nyumba nzima ikapakwa samawati.

Baba yetu alikuja kutoka mashambani mwezi wa Julai kuibariki nyumba hiyo. Aliingia, akasimama mlangoni kofia ikiwa mkononi, akatazama huku na huku, kisha akauliza ni nani aliyekuwa mgonjwa. Sote tulicheka. Lakini dada hakucheka kwa muda mrefu. Usiku ule, tukiosha vyombo, aliniambia kwamba mzee alikuwa amesema kweli: sebule yake ilifanana na zahanati. Na zamu yake ya chama haingerudi kabla ya mwaka kwisha.

Ikiwa nawe una sakafu ya kijivu, iwe ni ya saruji tupu, ya saruji iliyosuguliwa au ya vigae, yasome haya kabla hujatoa pesa zako.

Kijivu si rangi moja

Wengi hudhani kwamba kijivu ni kijivu. Sivyo. Saruji ya kawaida hupata rangi yake hasa kutokana na madini ya chuma yaliyomo ndani yake. Ndiyo sababu saruji nyeupe hutengenezwa kwa malighafi yenye chuma kidogo sana. Mchanga uliochanganywa nao huongeza rangi yake. Nta inayopakwa juu nayo huifanya sakafu ionekane nzito zaidi. Basi sakafu mbili katika mtaa mmoja zaweza kutofautiana: moja ikaelekea kwenye samawati, nyingine ikaelekea kwenye hudhurungi.

Utajuaje yako ni ipi? Isafishe, ipake nta kama unavyoipaka siku zote, kisha mchana weka karatasi nyeupe safi juu yake karibu na dirisha. Inama uitazame. Kando ya weupe wa karatasi, sakafu itajitaja yenyewe. Ukiona kama wingu la mvua, hicho ni kijivu baridi. Ukiona kama vumbi la barabara au maziwa yaliyotiwa chai kidogo, hicho ni kijivu chenye joto.

Kijivu baridi chahitaji ukuta wa kukipasha joto: rangi ya malai, ya mchanga, ya chai ya maziwa, au ya chungwa iliyopauka sana. Kijivu chenye joto ni rahisi zaidi. Kinakubali nyeupe, kijani kama cha majani yaliyokauka, na hata samawati. Sakafu ya dada ilikuwa ya kijivu baridi, naye akaizungushia kuta za rangi baridi. Baridi mbili zikasaidiana.

Alichogundua mkemia wa Kifaransa

Huenda ukajiambia kwamba dawa basi ni kupaka manjano kali. Ngoja kwanza. Mwaka 1824 mkemia wa Ufaransa aitwaye Michel Eugène Chevreul alipewa kazi ya kusimamia upakaji rangi wa nyuzi katika kiwanda cha Gobelins jijini Paris, ambako hufumwa mazulia ya kutundikwa ukutani. Huko alikuta malalamiko kwamba baadhi ya rangi, hasa nyeusi, zilionekana kufifia. Alipozichunguza aliona kwamba nyuzi zilikuwa sawa kabisa. Tatizo lilikuwa rangi zilizofumwa kando yake. Mwaka 1839 alichapisha kitabu kikubwa kueleza kwamba rangi mbili zikiwekwa pamoja, kila moja hubadilisha jinsi jicho linavyoiona nyenzake.

Kijivu ndicho chepesi zaidi kudanganyika. Kikiwekwa kando ya nyekundu kali, huonekana kuwa na ukijani. Kikiwekwa kando ya manjano kali, huelekea kwenye samawati au zambarau. Kwa hivyo anayepaka manjano inayopiga kelele ili kuondoa baridi ya sakafu yake, huenda akaiona sakafu hiyo ikizidi kuwa ya baridi. Chukua manjano ile ile iliyotiwa nyeupe nyingi hadi ikawa malai, na ugomvi utakwisha. Kanuni ni hii: joto la ukuta liwe la kunong'ona, si la kupiga mayowe.

Jua letu si la Ulaya

Vitabu vingi vya mapambo ya nyumba huandikwa Uingereza na Marekani. Humo utasoma kwamba chumba chenye dirisha la kaskazini ni cha baridi mwaka mzima. Kwao ni kweli, lakini usiyanakili kwetu. Nairobi iko karibu digrii moja tu kusini mwa Ikweta. Mwezi wa Juni na Julai jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini, na mwezi wa Desemba huwa upande wa kusini. Chumba chenye dirisha la kusini ndicho kinachokosa jua katikati ya mwaka, wakati huo huo ambapo mawingu na baridi ya Julai hutufanya tutafute majaketi.

Sebule ya dada ina madirisha ya kusini. Baba alipoingia Julai, hakukuwa na mwali hata mmoja wa jua ndani.

Madirisha ya mashariki hupata jua la asubuhi na kubaki na kivuli alasiri. Ya magharibi huchomwa kuanzia saa nane hadi jioni. Chumba cha magharibi chaweza kubeba rangi baridi hata juu ya sakafu ya kijivu, kwa sababu jua lenyewe huleta joto la kutosha. Na kama unaishi Mombasa, Malindi au Lamu, geuza shauri hili juu chini. Huko mtu hutafuta ubaridi ndani ya nyumba. Sakafu ya kijivu na kuta za samawati au kijani chepesi ni mapumziko ya macho baada ya mwanga mkali wa nje.

Kumbuka pia kwamba ukuta mweupe hurudisha takriban asilimia 80 ya mwanga unaoupiga, ilhali sakafu ya saruji aghalabu hurudisha kati ya asilimia 20 na 40 tu. Ikiwa dirisha lako ni dogo au limezibwa na ukuta wa jirani, sakafu haitakusaidia. Dari iwe nyeupe na kuta ziwe nyepesi.

Watoto, matope na sehemu ya chini

Rangi nyepesi ina adui wawili: mikono ya watoto na matope. Suluhisho ni lile lililoko katika shule zetu nyingi, yaani kuugawa ukuta mara mbili. Sehemu ya chini, kufikia kama mita moja, ipakwe rangi ya mafuta ambayo hufutika kwa kitambaa chenye sabuni. Sehemu ya juu ipakwe rangi ya maji, ambayo ni nafuu. Ukiwa na udongo mwekundu kama ule wa Kiambu, hudhurungi au damu ya mzee hapo chini huficha madoa na kukaa vizuri na kijivu. Lakini epuka kupaka chini kijivu kile kile cha sakafu. Chumba kitaonekana kama kisima.

Tahadhari moja kwa wenye watoto wadogo. Rangi za mafuta za zamani, hasa manjano, nyekundu na kijani kali, zaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto. Viwango vya Kenya haviruhusu zaidi ya sehemu 90 za risasi kwa kila sehemu milioni moja za rangi. Nunua rangi yenye alama ya ubora, na ukikwangua ukuta wa zamani, ulowanishe kwanza ili vumbi lisiruke, na watoto wawe wameondoka.

Pima kwanza, nunua baadaye

Kadi ya dukani ni ndogo kuliko kiganja, na unaitazama chini ya taa ya duka. Usiiamini. Nunua kopo la lita moja, pakia rangi mara mbili kwenye kipande kikubwa cha boksi kilichopakwa nyeupe kwanza, kisha kisimamishe ukutani kikigusa sakafu. Kigusishe sakafu hasa, maana hapo ndipo rangi hizo mbili zitakapokutana maisha yote. Kitazame asubuhi, adhuhuri na usiku taa ikiwaka. Balbu yenye mwanga mweupe sana huongeza baridi ya kijivu. Ile ya mwanga wa manjano huipunguza. Wakati mwingine kubadilisha balbu pekee huokoa nusu ya tatizo. Baada ya siku tatu utajua kama rangi hiyo umeipenda au ulikuwa umeitamani tu.

Kisha piga hesabu. Chumba cha mita 3 kwa 3.6, chenye kimo cha mita 2.7, kina kuta za karibu mita 36 mraba. Ondoa mlango na dirisha, zinabaki kama 32. Ukipaka mara mbili ni 64. Lita moja ya rangi ya maji hufunika karibu mita 10 mraba za ukuta laini, kwa hivyo utahitaji lita 7 hivi. Makopo mawili ya lita 4 yatatosha. Ukuta wenye mikwaruzo hunywa zaidi. Nunua makopo yote siku moja na uyachanganye katika ndoo moja kubwa, la sivyo utaona mstari pale kopo moja lilipoishia na jingine likaanza.

Ikiwa plasta ni mpya, ipe kama wiki nne ikauke. Saruji mbichi ina ukali kama wa magadi, nao huila rangi ya mafuta hadi ikabambuka.

Na kama mfuko ni mwepesi kabisa, usikate tamaa. Ukuta ambao haujawahi kupakwa rangi unaweza kupakwa chokaa iliyotiwa unga kidogo wa rangi ya saruji, manjano au nyekundu. Utapata malai au waridi ya kupendeza kwa gharama ndogo. Onyo ni kwamba chokaa haishiki juu ya rangi ya dukani.

Hayakuharibika yote

Dada yangu alisubiri hadi zamu yake ya chama iliporudi. Safari hii hakukimbia dukani. Vipande vitatu vya boksi vilisimama sebuleni kwake juma zima, na kila mgeni aliulizwa maoni yake. Mwishowe alichagua malai yenye wekundu wa mbali sana, na hudhurungi ya mafuta sehemu ya chini kwa ajili ya watoto. Sebule pekee ndiyo iliyopakwa upya. Samawati ameiacha katika chumba cha kulala, kinachotazama magharibi, na humo, jua la jioni likiingia, inapendeza kama alivyoiota. Rangi haikuwa mbaya. Ilikuwa imekosa mahali pake. Sakafu haijaguswa hadi leo.

Baba alirudi Julai hii. Hakusema neno lolote kuhusu kuta. Aliketi, akavua koti lake akaliweka kwenye mkono wa kiti, akaomba kikombe cha pili cha chai. Dada alinitazama kutoka mlango wa jikoni akatabasamu.

Kwa hivyo, msomaji, kabla ya kuishutumu sakafu yako, chukua karatasi nyeupe uiname. Haraka haraka haina baraka, na kopo la rangi likishafunguliwa halirudishwi dukani.